Dawa ya Kisukari Mikononi mwa Asiye na Kisukari

 

Maongezi ya leo yametokana na swali lililoletwa darasani. Swali lenyewe ni hili: Je, ni kweli kwamba iko sindano ya kisukari ambayo watu wasio na kisukari wanadungwa ili wapunguze unene? Na kama ni kweli, ubaya wake uko wapi, ikiwa mtu anatumia fedha zake mwenyewe?

Jibu la sehemu ya kwanza ni fupi. Ndiyo, ni kweli. Jibu la sehemu ya pili ni refu kidogo, na litatupeleka mbali, mpaka Ufaransa. Tuvumiliane.

Kwanza tukumbushane kisukari ni nini. Chakula tunachokula, kama vile ugali, wali, viazi na ndizi, hugeuka sukari ndani ya mwili. Sukari hiyo husafiri katika damu. Ili itoke katika damu iingie mwilini kufanya kazi, inahitaji kitu kiitwacho insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, ambalo liko nyuma ya tumbo la chakula. Kama kongosho halitoi insulini, au insulini iliyopo haifanyi kazi barabara, sukari hubaki imejaa katika damu. Huyo ndiye mgonjwa wa kisukari.

Wagonjwa hao ni wa namna mbili kubwa. Wa namna ya kwanza hawezi kuishi bila sindano za insulini. Wa namna ya pili, na hao ndio wengi, mara nyingi ni watu wazima, na unene ni moja ya mambo yanayowaletea ugonjwa huo. Basi hapo ndipo kisukari na unene vinapokutana. Na kwa kuwa vinakutana katika mwili wa mtu mmoja, watu wakaona dawa ya hili yafaa kuwa dawa ya lile.

MAMBO YA UFARANSA

Katika mwaka 1976 kampuni moja ya Ufaransa, jina lake Servier, ilianza kuuza vidonge vilivyoitwa Mediator. Kwa ruhusa ya serikali, vidonge hivyo vilikuwa vya kuwasaidia watu wenye mafuta mengi katika damu, na wagonjwa wa kisukari walio wanene. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini vidonge hivyo vilikuwa na tabia moja ya ziada. Vilikata hamu ya kula.

Habari ikaenea. Mtu anakwenda kwa daktari, anasema, "Daktari, nguo zangu zinanibana." Daktari anaandika Mediator. Hana kisukari, lakini ameandikiwa. Jirani anamwona mwenzake amepungua, naye anakwenda. Kwa miaka 33 dawa hiyo iliuzwa Ufaransa, na watu wapatao milioni 5 waliitumia.

Hapa tusimame kidogo. Je, daktari akiandika dawa kwa kazi nyingine isiyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake, amevunja sheria? Katika nchi nyingi, hapana. Daktari anaruhusiwa, akiwa na sababu. Na pengine jambo hilo limeleta faida. Aspirini, ambayo sote tunaijua kwa maumivu na homa, ilikuja kuonekana kwamba inasaidia pia baadhi ya wagonjwa wa moyo. Kwa hiyo hatusemi kwamba dawa ina kazi moja tu mpaka mwisho wa dunia. Tunauliza swali jingine: kazi hiyo mpya imepimwa na nani, na madhara yake nani anayahesabu?

Kwa Mediator, hesabu hiyo ilichelewa mno.

Dawa iliyomo ndani ya vidonge vya Mediator inaitwa benfluorex. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na dawa nyingine, fenfluramine, ambayo iliuzwa wazi kama dawa ya kupunguza unene. Katika mwaka 1997 madaktari wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya watu wanaotumia fenfluramine wameharibika vali za moyo. Mwezi Septemba mwaka huo huo dawa hiyo ikaondolewa madukani, Marekani na Ufaransa pia. Sasa sikilizeni vizuri. Benfluorex ikiingia mwilini, inageuka na kutoa kitu kile kile kinachotolewa na fenfluramine. Ni kama kuku wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, lakini wanataga yai la namna moja. Kuku mweusi alichinjwa mwaka 1997. Kuku mweupe akaachwa anataga mpaka mwaka 2009.

Vali za moyo ni nini? Wale wanaotumia kisima cha pampu wanajua. Ndani ya pampu mna vali. Ukivuta mpini, vali inafunguka, maji yanapanda. Ukishusha, vali inajifunga ili maji yasirudi chini. Vali ikichakaa utapiga pampu mpaka jasho likutoke, na maji yanakuja kidogo tu, kwa sababu mengine yanarudi kisimani. Moyo nao ni pampu. Una vali nne. Zikikakamaa zikashindwa kujifunga vizuri, damu inarudi nyuma. Mtu anahema akipanda kilima kidogo. Miguu inavimba. Mwishowe moyo unachoka. Pampu ya kijiji tunaweza kumwita fundi akaifungua. Moyo wa mtu kufunguliwa ni jambo jingine.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1999 daktari mmoja wa moyo katika mji wa Marseille alipeleka taarifa ya mgonjwa aliyetumia Mediator na vali yake ikaharibika. Huko Hispania na Italia dawa hiyo ilitoka sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ufaransa iliendelea.

Aliyefunga mlango ni daktari mwanamke, Bibi Irène Frachon. Wakati huo alikuwa daktari wa mapafu katika hospitali ya Brest, mji wa pwani upande wa magharibi wa Ufaransa. Katika mwaka 2007 alianza kupata mashaka juu ya wagonjwa waliotumia Mediator. Alifanya nini? Hakuwa na mashine mpya. Alifungua majalada. Alitafuta wagonjwa wenye vali mbovu zisizoelezeka sababu yake, kisha akatafuta habari moja: huyu alikuwa akimeza nini? Akamaliza jalada moja, akachukua la pili. Mediator ikajitokeza, na ikajitokeza tena. Alipeleka matokeo yake kwa wakubwa wa dawa, na mwezi Novemba 2009 Mediator ikaondolewa.

Mwaka 2010 akaandika kitabu juu ya mambo hayo. Juu ya jalada la kitabu kulikuwa na swali, ni wangapi waliokufa. Kampuni ikaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru swali hilo lifutwe kwenye jalada. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikaliruhusu tena. Sisi tunaofundisha watu kusoma jambo hili lilitugusa. Kampuni kubwa kama ile iliogopa maneno machache.

Na jibu la swali hilo? Mwaka 2010 idara ya dawa ya Ufaransa ilikadiria vifo visivyopungua 500. Makadirio mengine yaliyofuata yalitaja vifo kati ya 1,000 na 2,000. Kesi kubwa ilianza mjini Paris mwezi Septemba 2019. Mwenye kampuni, Bwana Jacques Servier, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2014. Tarehe 29 Machi 2021 mahakama iliitia kampuni hatiani kwa udanganyifu na kwa kusababisha vifo bila kukusudia, ikaitoza faini ya euro milioni 2.7. Idara ya serikali iliyokuwa na wajibu wa kulinda dawa nayo ikatozwa faini, kwa uzembe. Kesi ilipokwenda rufani, mwezi Desemba 2023, malipo yaliyoamriwa yalipanda sana, yakapita euro milioni 400.

Fedha hizo ni nyingi. Lakini sisi tunaona kosa kubwa zaidi ni ile miaka 12, kutoka 1997 mpaka 2009. Watu wengi walioumia katika miaka hiyo hawakuwa wagonjwa walipoanza. Walikuwa watu wazima wa afya waliotaka kupunguza kilo chache.

SINDANO YA SIKU HIZI

Haya, sasa turudi kwenye sindano. Msije mkatoka hapa mkasema sindano hii ni Mediator ya pili. Si hivyo. Hii imepimwa kwa maelfu ya watu, na inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa.

Dawa yenyewe inaitwa semaglutide. Hutengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Kwa jina la Ozempic ilikubaliwa Marekani mwezi Desemba 2017, iwe dawa ya kisukari cha namna ya pili. Hudungwa mara moja kwa wiki, kwa kifaa kinachofanana na kalamu.

Asili ya dawa za ukoo huu inafurahisha. Tunapokula, utumbo hutoa kitu kinachopeleka habari mwilini kwamba chakula kimefika. Kitu hicho huambia kongosho litoe insulini. Huambia tumbo lisiharakishe kutoa chakula. Na huambia ubongo kwamba imetosha. Taabu yake ni kwamba kikishatoka hakidumu, kinapotea kwa dakika chache. Sasa, katika jangwa la Marekani na Meksiko yuko mjusi mkubwa mwenye sumu. Katika miaka ya 1990 Daktari John Eng wa New York alikuta ndani ya sumu ya mjusi huyo kitu kinachofanana na kile cha utumbo wetu, ila hiki kinadumu zaidi. Dawa ya kwanza iliyotokana na ugunduzi huo ilikubaliwa mwaka 2005. Semaglutide haitokani na mjusi, imeigwa kutoka kitu cha mwili wa binadamu, lakini mjusi ni mmoja wa walioonyesha njia. (Tafadhali, mtu asiende kuwasumbua kenge wa mtoni. Hao hawana habari hiyo.)

Je, inapunguza unene? Ndiyo, na si kidogo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, watu karibu 2,000 wanene wasio na kisukari walifuatwa kwa wiki 68. Wote walishauriwa juu ya chakula na mazoezi. Waliodungwa dawa, kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha kisukari, walipungua kwa wastani sehemu 15 katika kila 100 ya uzito wao. Maana yake mtu wa kilo 100 alifika kilo 85. Waliodungwa maji matupu bila kujua walipungua kilo 2 na kitu. Mwezi Juni 2021 Marekani ikakubali dawa hiyo kwa unene, kwa jina jingine, Wegovy. Na mwezi Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya dawa za ukoo huu kwa wagonjwa wa unene. Kwa hiyo unene uliozidi tusiufanyie dhihaka. Ni ugonjwa, na una matibabu yake.

Lakini yako mambo ambayo muuzaji wa vichochoroni hayasemi.

La kwanza, sindano ikiachwa, unene hurudi. Baadhi ya watu wa uchunguzi ule waliendelea kufuatwa baada ya kuacha. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili za kilo walizopunguza. Basi anayeanza ajue kwamba huenda anaanza safari ya miaka. Katika mwaka 2024, bei iliyotangazwa Marekani kwa dawa ya mwezi mmoja ilikaribia dola 1,000. Pigeni hesabu ya magunia ya mahindi wenyewe.

La pili, wengi hupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Wachache huvimba kongosho au hupata mawe katika nyongo. Mwanamke mwenye mimba asiitumie, na anayetaka kubeba mimba yampasa kuiacha angalau miezi miwili kabla. Ndiyo sababu inatakiwa daktari awe anamfuata mgonjwa, akianza na kipimo kidogo na kukiongeza polepole.

La tatu ni zito zaidi kwetu. Wenye fedha walipoanza kununua Ozempic ili wapunguze mwili, wagonjwa wa kisukari waliikosa. Marekani iliiweka katika orodha ya dawa zilizoadimika mwaka 2022, ikaitoa mwezi Februari 2025. Australia na Uingereza ziliwaomba madaktari wao wawaachie dawa hiyo wagonjwa wa kisukari kwanza. Hapo tunaona kwamba ule usemi wa "fedha zangu mwenyewe" hautoshi. Ndoo ya maji ni moja, na mwenye kiu amesimama nyuma ya anayeosha gari.

Kwa Afrika, mfano uko Afrika Kusini. Katika mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ya Denmark iliacha kuipatia serikali kalamu za insulini ya kawaida. Ilisema uwezo wake wa kutengeneza umebanwa. Wagonjwa waliozoea kalamu katika hospitali za serikali ikawabidi warudie chupa na bomba la sindano. Fikirini bibi mwenye macho hafifu anavuta insulini kutoka kwenye chupa, na akizidisha kidogo ataanguka. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na watu wengine walilalamika kwamba wagonjwa wa insulini wanaachwa nyuma, dawa za unene zinatangulia.

La nne, dawa ikiwa ghali na adimu, matapeli huja. Mwezi Oktoba 2023 huko Austria watu kadhaa walilazwa hospitali baada ya kujidunga Ozempic ya bandia. Sukari yao ilishuka ghafla, na wakubwa wa dawa walishuku kwamba ndani ya kalamu zile mlikuwa na insulini. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizoonekana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama matapeli walipenya nchi zile zenye wakaguzi wengi, je, kalamu inayouzwa kwenye begi stendi ya mabasi? Isitoshe, dawa hii kabla ya kuanza kutumika hutakiwa kukaa kwenye friji. Iliyopanda basi kutwa nzima juani hata kama ni ya kweli tusiiamini.

VIDONGE VYA NYUMBANI

Pengine mtasema, mwalimu, hizo ni habari za wenye friji. Kweli. Lakini ukisema "dawa ya kisukari inapunguza mwili", mtu asiyekuwa na dola 1,000 ataangalia kabatini. Atakuta vidonge vya baba yake. Hapo hatari inaingia nyumbani kwetu.

Dawa za kisukari si moja. Iko glibenclamide. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini. Inasukuma tu, haiulizi kama sukari iko juu au chini. Mtu mzima wa afya akiimeza, sukari yake inaweza kushuka mno. Atatokwa jasho, atatetemeka, ataongea maneno yasiyoeleweka kama mlevi, ataanguka, na anaweza kufa. Na kumbe dawa hiyo haipunguzi mwili hata kidogo. Mara nyingi huongeza kilo! Ukimkuta mtu katika hali hiyo na bado anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda upesi, kisha zahanati. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize.

Iko metformin. Hii wengi wa kisukari cha namna ya pili huanza nayo. Baadhi hupungua kidogo, lakini kidogo tu. Huharisha watu wengi mwanzoni, na mwenye figo mbovu inaweza kumdhuru vibaya. Tena, kila kidonge kinachotoka kwenye kopo la baba ni siku moja ambayo baba atakosa dawa yake kabla ya kliniki ijayo.

Na insulini je? Ndugu zangu, insulini kwa asiye na kisukari tusiijaribu kabisa.

KUSOMA PAKETI

Sasa kazi yetu wenyewe, kazi ya herufi. Paketi nyingi za dawa zina majina mawili. Moja limeandikwa kubwa, hilo ni la kampuni, na kila kampuni ina lake. Jingine limeandikwa dogo, hilo ni jina la dawa yenyewe, na hilo halibadiliki kutoka kampuni hadi kampuni. Tusome lile dogo.

Majina hayo madogo yamepangwa. Dawa nyingi za kumeza za kushusha sukari zina herufi g, l, i ndani ya majina yake, kama glibenclamide na gliclazide. Dawa za ukoo wa sindano tuliyoizungumza huishia na -glutide, kama semaglutide na liraglutide. Na majina yanayoishia na -orex ni ya dawa zinazokata hamu ya kula. Hebu rudini juu mkasome tena jina dogo la Mediator. Lilikuwa benfluorex. Lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye paketi, miaka yote 33.

Alhamisi ijayo kila mmoja aje na paketi tupu au karatasi ya dawa iliyoko nyumbani kwake. Vidonge vibaki nyumbani. Bwana mganga wa zahanati ameahidi kuja saa kumi. Tutasoma jina dogo, kipimo, na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kila mmoja ataandika katika daftari lake dawa hiyo ni ya nani na ni ya ugonjwa gani. Wasioona herufi ndogo vizuri wakae mbele, karibu na dirisha.